Theluji ya Kilimanjaro yapandishwa kizimbani London

MJADALA umekwisha! Ukisikia tamko kama hilo utadhani limetoka kwa katibu wa itikadi wa chama fulani tunachokifahamu sote. La hasha. Lilitoka London, Februari 2007, kinywani mwa Waziri wa Mazingira wa Uingereza wa wakati huo, David Miliband. Siku hiyo jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilikuwa limetoa ripoti yake mpya, na mheshimiwa akaona kwamba kuhusu sayansi ya jambo hilo hakuna tena cha kubishania. Akishirikiana na mwenzake wa Elimu, Alan Johnson, akatangaza kuwa kila shule ya sekondari ya Serikali nchini England itapelekewa filamu iitwayo An Inconvenient Truth ili wanafunzi waione.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2006. Ndani yake yumo Al Gore, Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1993 hadi 2001, akieleza kwa picha na michoro jinsi moshi wa makaa ya mawe na mafuta unavyoipasha dunia joto. (Ndiye Gore yule aliyepata kura nyingi zaidi za wananchi mwaka 2000 na bado akabaki nje ya Ikulu, baada ya Mahakama ya Juu ya nchi yake kusimamisha kuhesabiwa upya kwa kura za Florida. Kumbe hata kwa wakubwa mambo ya kura yana vituko vyake!) Filamu ikapata tuzo ya Oscar. Ikapigiwa makofi dunia nzima.

Na ndani ya filamu hiyo, ndugu msomaji, umo mlima wetu. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na hili la mjadala kwisha.

Sisi tuliosoma wakati wa chama kimoja tunaijua lugha hiyo. Tulikimbia mchakamchaka alfajiri tukiimba kwamba fikra za Mwenyekiti zidumu, miguu peku, tumbo tupu. Tukarudi darasani kwenye somo la Siasa. Nakumbuka swali moja la mtihani: "Taja faida tano za vijiji vya ujamaa." Faida. Hapakuwa na swali la hasara, na mwanafunzi aliyekuwa na akili zake hakulisubiri. Nikaandika faida tano, nikapata alama zote. Wakati naandika, nyumba ya mjomba wangu ilikuwa imekwisha kuchomwa moto ili ahamie kijijini. Mwalimu wangu alijua. Mimi nilijua. Karatasi ya mtihani haikuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo.

Kwa hiyo waziri yeyote, wa rangi yoyote, akisema mjadala umekwisha na sasa sinema iende shuleni, nauliza kwanza: mzazi akikataa, atakwenda wapi?

Uingereza alikuwapo wa kukataa. Dereva mmoja wa malori, mkazi wa Kent, baba wa watoto wawili na mjumbe wa bodi ya shule, aliipeleka Serikali Mahakama Kuu. Hoja yake ilikuwa fupi. Hii ni siasa, na sheria ya nchi inakataza wanangu kulishwa siasa ya upande mmoja darasani.

Sheria hiyo ipo kweli. Ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, vifungu vya 406 na 407. Cha kwanza kinakataza shule kueneza mitazamo ya kisiasa ya upande mmoja katika kufundisha somo lolote. Cha pili kinataka kwamba suala la kisiasa likiletwa mbele ya wanafunzi, mitazamo inayopingana ielezwe kwa mizani. Asili yake ni sheria ya mwaka 1986, enzi za Margaret Thatcher, wakati wahafidhina walipokuwa wakihofia walimu wa mrengo wa kushoto. Yaani walitengeneza kamba ya kuwafunga wapinzani wao. Miaka 21 baadaye kamba ile ile ikamnasa waziri wa Serikali, na wapinzani wake ndio waliokuwa wakicheka. Watunga sheria wetu pale Dodoma, ambao hushona kila sheria kwa kipimo cha mpinzani wa leo, wangefaa kuwaza kidogo juu ya kamba hiyo.

Hukumu ilitoka Oktoba 10, 2007, mbele ya Jaji Michael Burton. Kila upande ukajichukulia nusu iliyoupendeza. Wasioamini habari za joto wakatangaza kuwa filamu imeumbuliwa. Wapenzi wa Gore wakatangaza kuwa filamu imepita. Ukweli ni kwamba jaji alisema yote mawili.

Alisema kwamba kwa ujumla wake filamu iko sahihi kuhusu chanzo cha mabadiliko ya tabianchi na athari zinazotarajiwa. Hapo dereva alishindwa, tena vibaya. Lakini jaji akasema pia kuwa ni filamu ya kisiasa, imekusudiwa kuwashawishi watu, na kwamba kuna mahali 9 ambapo Bwana Gore alivuka mpaka wa kile ambacho wanasayansi wa IPCC walikuwa wamekubaliana. Jaji aliyaita "makosa", na alama hizo za kunukuu aliziweka mwenyewe. Filamu haikupigwa marufuku. Ilibidi iende na mwongozo kwa walimu unaoonyesha wazi mahali hapo. Serikali ilikuwa na mwongozo wake, ikalazimika kuuandika upya kesi ikiwa inaendelea. Jaji akasema bila marekebisho hayo sheria ingekuwa imevunjwa. Dereva akalipwa theluthi mbili ya gharama zake za kesi.

Siku mbili baadaye Gore na IPCC wakatangazwa washindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel. Dunia ikasahau kesi ya mtu wa lori. Sisi hatuna sababu ya kuisahau, maana katika yale 9, mojawapo ni Kilimanjaro.

Gore alionyesha picha za Kibo za zamani na za karibuni, kisha akatabiri kwamba ndani ya miaka kumi hakutakuwa tena na theluji Kilimanjaro. Filamu ni ya 2006. Hesabu mwenyewe. Mwaka 2016 umepita, barafu bado ipo. Imekonda vibaya, lakini ipo.

Kukonda huko si porojo. Mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita za mraba 12 za kilele. Mwaka 2000 zilikuwa zimebaki takriban mbili na nusu. Mwaka 2011 zilikuwa chini ya mbili. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa ripoti ikionya kuwa barafu zilizobaki Afrika, zikiwamo za Kilimanjaro na za Mlima Kenya, zitatoweka kufikia 2050. Mtu anayekuambia mlima haujabadilika muulize lini aliutazama mara ya mwisho.

Ugomvi ni juu ya sababu. Pale juu, mita 5,895, hewa huwa baridi chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote. Barafu haiyeyuki kirahisi kama ya kwenye jokofu umeme unapokatika. Wataalamu waliopima pale, akina Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, walieleza kuwa sehemu kubwa inaliwa na jua kali na hewa kavu, ikigeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kuwa maji. Wakaonyesha pia kwamba kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, baada ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki kuwa kavu ghafla kuanzia miaka ya 1880. Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imekwisha kurudi nyuma. Wakati huo nani alikuwa na gari? Kwa upande mwingine, Lonnie Thompson wa Marekani, aliyechimba barafu hiyo mwaka 2000, alikadiria itakuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. Rafiki huyo wa Gore ndiye anayeonekana kwenye filamu. Wapo pia wanaosema ukavu wenyewe una uhusiano na joto la Bahari ya Hindi.

Jaji hakusema kwamba joto la dunia halihusiki. Alisema haijathibitishwa kuwa kupungua kwa theluji ya Kilimanjaro kunatokana hasa na shughuli za binadamu. Hilo tu. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulielewa akifafanuliwa.

Sasa tazama kichekesho. Mlima ni wa Tanzania. Filamu ya Mmarekani. Mashitaka ya Mwingereza. Vipimo vya Mwaustria. Hukumu London. Wapagazi wa Marangu, waliopanda mlima huo na mizigo ya watalii kichwani mpaka visigino vikapasuka, hawakuulizwa hata saa ngapi. Mlima wetu ulipandishwa kizimbani ukatolewa bila mwenye mlima kuitwa hata kwa ushahidi. Na hapa nyumbani hakuna mkubwa aliyeinua mdomo, kwa sababu hadithi ya theluji inayoyeyushwa na moshi wa Wazungu inawafaa sana.

Kwa nini inawafaa? Muulize mkulima wa Rombo au Kibosho maji ya mfongo wake yanatoka wapi. Wengi wameaminishwa kuwa yanatoka kwenye barafu, na kwa hiyo barafu ikiisha, basi, kazi ya Mungu na ya Marekani. Mtafiti Andreas Hemp, aliyetembea misitu ya mlima huo miaka mingi, ameonyesha kitu kingine. Mchango wa barafu ni mdogo. Msitu ndio unaonasa mvua na ukungu, na moto ulioteketeza msitu wa juu umeunyima mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Mwaka 2001 ulifanyika uchunguzi wa kutoka angani, yakaonekana maelfu ya miti iliyokatwa kinyume cha sheria. Moshi wa Marekani una dhambi zake nyingi, lakini haujui kushika msumeno. Msumeno una mtu, na magogo yana barabara yanayopitia, na barabara ina vizuizi vyenye walinzi wanaolipwa mshahara.

Hapo ndipo kutia chumvi kunapogeuka kuwa siasa chafu. Ukimfundisha mtoto wa Moshi kwamba kila kitu kinatoka juu, angani, hatauliza nani alifungua geti lori la magogo likapita usiku. Ndivyo ilivyo na mafuriko ya Dar es Salaam. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kikajengwa Jangwani, bondeni kabisa mwa Mto Msimbazi, mahali ambapo kila bibi wa Magomeni angekuambia maji hukaa. Kikafurika, kikafurika tena. Tunaambiwa mabadiliko ya tabianchi! Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi kuanzia mwaka 1993, huku maji yake yakichepushwa huko juu Usangu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Tabianchi! Mitaro haijazibuliwa, tabianchi. Neno limekuwa kama malaria kwenye zahanati isiyo na vipimo, kila homa inaandikwa hivyo hivyo.

Ziwa Chad lilikuwa katika ile orodha ya jaji kwa sababu inayofanana. Filamu ilionyesha limekauka, ikasema sababu ni joto la dunia. Jaji akasema ushahidi hautoshi kulibebesha joto peke yake, kwa kuwa kuna ongezeko la watu, malisho kupita kiasi, na mabadiliko ya mvua ya eneo lenyewe. Mengine yalikuwa ya mbali na sisi. Kimbunga Katrina cha 2005, dubu weupe waliokufa maji, mkondo wa bahari ya Atlantiki, michoro ya hewa ya ukaa ya miaka 650,000, na bahari kupanda mita 6 kana kwamba ni kesho kutwa, wakati wanasayansi wanasema kiasi hicho kitachukua karne nyingi hadi maelfu ya miaka.

Lakini orodha ya jaji nayo si msahafu. Alisema hakuna ushahidi kwamba watu wa visiwa vya Pasifiki walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya bahari, na kwa mwaka 2007 alikuwa sahihi. Novemba 2023 Tuvalu na Australia zikatia saini mkataba unaowaruhusu watu 280 wa Tuvalu kila mwaka kwenda kuishi Australia. Alisema ni vigumu kutenganisha kufa kwa matumbawe kutokana na joto na mambo mengine kama uvuvi mbaya na uchafuzi. Wavuvi wa Mafia na Pwani ya Kenya walioyaona matumbawe yakigeuka meupe mwaka 1998, bahari ilipopata joto, wana neno la kusema hapo, na mwaka 2024 yaligeuka meupe tena sehemu nyingi za dunia. Sayansi inakwenda, hukumu inabaki ilipoandikwa. Ndiyo maana mtoto asikabidhiwe filamu kama aya, wala hukumu kama aya.

Sasa wasije wenye visima vya mafuta wakadhani tunawapigia debe. Hao tunawajua. Mwaka 2006 Laurie David, mmoja wa watayarishaji wa filamu ile, alijitolea kuwapa walimu wa sayansi wa Marekani nakala 50,000 bure. Chama chao cha kitaifa kikakataa. Kikasema si utaratibu wake kupigia chapuo bidhaa za watu wa nje. Ikajulikana pia kuwa chama hicho kilikuwa kikipokea fedha za kampuni ya mafuta ya ExxonMobil. Kilikana kuwa hiyo ndiyo sababu. Haya, tumesikia. Mwaka 2017 taasisi ya Heartland, ambayo kazi yake ni kupinga habari za joto la dunia, ikawatumia walimu maelfu kwa maelfu kitabu cha kuwaambia kwamba wanasayansi hawakubaliani. Bure pia. Nchi ile ukiona mwalimu amepewa kitu bure, tazama nembo ya aliyelipia stempu. Na nchi hii vile vile.

Ipo pia hila ya mizani ya uongo. Wilaya moja ya shule katika jimbo la Washington, Federal Way, Januari 2007, iliisimamisha filamu ya Gore baada ya mzazi mmoja kulalamika, ikaagiza kuwa isionyeshwe bila maoni ya upande wa pili. Vizuri, lakini upande wa pili wa nini? Uingereza upande wa pili ulikuwa na filamu yake, The Great Global Warming Swindle, iliyoonyeshwa na Channel 4 Machi 2007. Mwaka uliofuata Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji, kikatoa uamuzi kwamba filamu hiyo iliwatendea isivyo haki IPCC, Sir David King na mtaalamu wa bahari Carl Wunsch, na kwamba sehemu yake ya mwisho ilivunja kanuni ya kutopendelea. Kwa hiyo ukiwaonyesha watoto sinema mbili zenye kasoro, moja asubuhi nyingine jioni, hujawapa mizani. Umewapa mechi ya Simba na Yanga, kila mmoja ashangilie na kurudi nyumbani na jezi yake.

Jaji Burton hakuagiza hivyo. Alikubali kuwa mizani haina maana ya kugawa dakika sawa kwa kila asemaye. Jambo likithibitishwa, mwalimu aseme limethibitishwa. Likiwa bado, aseme bado. Mwalimu wa Historia anaweza kuwaonyesha wanafunzi propaganda za Hitler bila kuwa mfuasi wa Hitler, mradi awaambie wanatazama nini.

Msimamo wetu ni huu, ili asipatikane wa kutusingizia. Dunia inapata joto na binadamu ndiye chanzo. IPCC mwaka 2021 ilisema hilo halina shaka. Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya gesi zinazosababisha hali hiyo, na tunalipa kama vile sisi ndio tuliowasha moto. Gore alikuwa sahihi kwenye jambo kubwa. Ndiyo maana inauma kwamba alitia chumvi kwenye jambo letu. Mwenye haki hahitaji kuongeza shahidi wa uongo, maana akibainika shahidi mmoja, mashahidi wote wanatiliwa shaka. Mtoto aliyeambiwa mwaka 2006 kwamba theluji itakwisha ndani ya miaka kumi, leo ni mtu mzima Moshi mjini. Akifungua dirisha asubuhi anaiona. Utamwambia nini juu ya mengine yote yaliyo kweli?

Tuje nyumbani. Serikali ya Uingereza ilishindwa hoja na dereva, ikakaa chini ikaandika mwongozo upya. Sisi tuna kumbukumbu tofauti. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu mwaka 1993 kudai haki ya mgombea binafsi. Jaji Lugakingira akampa ushindi mwaka 1994. Serikali ilifanya nini? Ikabadili Katiba! Mchungaji akahangaika mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikampa ushindi Juni 2013. Katika nchi ya namna hiyo, mzazi wa Mbagala anayetaka kujua mwanawe anaonyeshwa nini darasani aanzie wapi? Kwa mwalimu mkuu? Ataambiwa mtaala umetoka juu. Kwa ofisa elimu? Ataulizwa ni wa chama gani.

Na hili si jambo la theluji peke yake. Chukua bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,443, nyingi zikiwa ndani ya ardhi yetu. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, TPDC yetu na kampuni ya taifa ya Uganda kila moja 15, CNOOC ya China 8. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulipinga kwa sababu za mazingira na haki za binadamu. Wakubwa wa Kampala na Dodoma wakakasirika, wakasema Ulaya iliyotajirika kwa makaa na mafuta haina uso wa kutufundisha. Kusema kweli, hoja hiyo ina uzito. Ya Bunge la Ulaya nayo ina uzito. Hapo kuna somo zuri kuliko filamu ya Gore mara mia, kwa sababu bomba linapita kwenye mashamba ya wazazi wa watoto wenyewe.

Nani atalifundisha? Mwalimu wa Tanga akionyesha filamu inayolisifu bomba, hakuna atakayemgusa. Akionyesha inayolipinga, mnajua wenyewe barua ya uhamisho huandikwa kwa haraka gani. Ndiyo maana tunataka kifungu cha sheria, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kinachokataza shule kutumika kueneza siasa ya upande mmoja, uwe wa Serikali, wa mfadhili au wetu sisi wapinzani. Ndiyo, hata sisi. Siku tukishika dola tusije tukaleta kanda zetu. Kifungu hicho kimpe mwalimu kinga anapoonyesha pande zote, na kimpe mzazi mlango wa mahakama anapoona upande mmoja tu. Wabunge wa upinzani walipeleke kwa muswada binafsi hata kama wanajua utapigiwa kura ya hapana. Kumbukumbu za Bunge zitaandika nani alisema hapana.

Filamu ya Gore, kwa upande wangu, ionyeshwe. Ina umri sasa, lakini inafundisha, na makosa yake yanafundisha zaidi. Ikionyeshwa sekondari moja pale Marangu, mwalimu aisimamishe mahali Kibo inapotokea na ile sauti inapohesabu miaka kumi. Awatoe watoto nje, kama mawingu yameondoka, wautazame mlima wenyewe. Kisha awatume kwa wazee wakaulize theluji ilikuwa ikishuka mpaka wapi walipokuwa vijana, mifongo ilikuwa mingapi, na msitu wa juu nani aliukata.